Mwanamke Pekee Aliyemaliza

Tulimzika Edina siku ya Jumatano, huko Isingiro, nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo migomba inaishia na mibuni inaanzia. Mazishi yalikwisha mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima, na watu walipoanza kutawanyika sisi wanawake tulirudi uani kumenya ndizi za wageni waliobaki. Nilikaa kwenye nyasi karibu na Kemilembe. Hatukuwa tumeonana kwa miaka sita. Amenenepa kidogo, na nywele zake zimekuwa nyeupe kwa mbele, lakini mikono yake ni ileile. Anamenya ndizi bila kuitazama, akili yake ikiwa kwenye mazungumzo. Tulikuwa tunasemezana juu ya ugonjwa wa marehemu, tukishusha sauti kila mwanawe alipopita. Mara mkwe wa Edina, binti mwenye adabu aliyekuwa akitugawia visu, akawaambia wenzake kwa fahari, "Mnamwona mama huyu? Huyu ndiye Mwalimu Adventina. Ndiye mwanamke pekee aliyemaliza zile mbio za Kihanga, kilomita arobaini na mbili. Mama alikuwa akitusimulia." Wanawake wakanigeukia. Mmoja akasema, "Kumbe ndiye yeye!" Kemilembe akatabasamu, akatupa ndizi kwenye sufuria, akasema, "Ni kweli. Alikimbia vizuri siku ile." Nikainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kwa kusifiwa. Nina miaka hamsini na moja, na haya hiyo nimekuwa nikiiigiza tangu nikiwa na ishirini na nne.

Mwaka ule mimi, Edina na Kemilembe tulikuwa walimu wapya katika shule moja ya msingi huko Kihanga. Siku hizo Kyerwa, iliko Isingiro, haikuwa wilaya. Yote ilikuwa Karagwe, na mtu wa Isingiro kama Edina alihesabika kuwa wa nyumbani. Tulipewa nyumba moja ya vyumba viwili, sakafu ya udongo, bati lililotoboka juu ya kitanda changu tu. Kitanda cha Edina kilikuwa karibu na mlango kwa sababu alipenda kusikia yanayopita nje. Cha Kemilembe kilikuwa chini ya dirisha, na kando yake kuliwekwa kibuyu cha maziwa alicholetewa kila Ijumaa na ndugu zake wafugaji, kibuyu kilichofukizwa moshi mpaka chumba kizima kikanukia kama ng'ombe na majani makavu. Tulipika katogo, ndizi na maharage katika sufuria moja, tukala kwenye sinia moja tukiwa tumekaa chini. Edina alikula haraka akizungumza. Mimi nilikula polepole. Kemilembe alikuwa na tabia ya kusukuma maharage upande wangu bila kusema neno, kwa kuwa aliona siku ya kwanza kwamba ndiyo ninayoyapenda, na mimi nikazoea mapema sana kudhani kwamba hivyo ndivyo sinia linavyopaswa kuwa.

Habari za mbio tulizisikia kupitia ukutani. Chumba chetu kilipakana na ofisi ya mwalimu mkuu, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua hata siku anazokohoa. Jioni moja mwenyekiti wa kamati ya mbio alikuja kumweleza mpango wao: marathoni kamili, ya kuchangia wodi ya wazazi, kuanzia kwenye uwanja wetu wa shule, kuzungukia vilima vya upande wa Kiruruma, na kurudi hapohapo. Njia ilikuwa imepimwa kwa pikipiki. Mwalimu mkuu akauliza kuhusu wanawake. "Wanawake wakimbie kilomita tano," mwenyekiti akasema, "halafu wapewe khanga, waende kusaidia kupika. Hiyo ndefu itawaua, tuanze kulaumiwa." Wakacheka wote wawili. Edina akaweka mwiko chini. Akatutazama, mimi kisha Kemilembe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili, "Sisi tutakimbia hiyo ndefu." Kule ofisini tukasikia kiti kikivutwa. Tulicheka mpaka Edina akapaliwa. Usiku ule kabla ya kulala tuliahidiana kwamba tutaanza pamoja na tutamaliza pamoja, atakayechoka atangojwa. Aliyesema maneno hayo ya kungojana ni mimi, nakumbuka vizuri, kwa sababu nilijua ndiye nitakayechoka.

Tulijizoeza miezi tisa. Kemilembe alikuwa mwalimu wetu. Alikua akifuata ng'ombe nyikani, na kwake kwenda mbali kwa miguu halikuwa jambo la kujadiliwa. Alitutoa kitandani alfajiri, akatupa kila mmoja punje chache za kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa wapewe wageni, tukatoka na uchungu wake mdomoni. Wiki za kwanza nilikuwa nikifika kwenye zahanati tu nikakaa kwenye ngazi nikilia kwa maumivu ya ubavu. Edina alitangulia akipiga kelele za kunichokoza. Kemilembe alirudi. Kila asubuhi alirudi. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akisema, "Pumua kwanza. Njia haiendi mahali." Angeweza kutuacha sote kabla hatujatoka nje ya kijiji, sijawahi kumwona akihema. Alikimbia miezi yote tisa kwa mwendo wangu. Wiki moja kabla ya mbio raba zangu mpya zilinibana, nikapata malengelenge. Kemilembe akavua zake, kubwa na zilizolegea vizuri, akanipa, akachukua zangu. Nikamwambia zitamwumiza. "Mguu wangu umekanyaga miiba," akasema. "Raba ni kitu gani?" Nikazipokea. Sikumwuliza mara ya pili.

Siku ya mbio tulianza wanawake tisa nyuma ya wanaume wengi. Wanafunzi wetu walikimbia pembeni yetu wakiimba majina yetu mpaka njia ilipoacha nyumba za mwisho. Edina aliugua tumbo kabla ya nusu ya safari. Akajilaza kwenye nyasi akicheka na kulaani kwa pamoja, na gari la kamati likambeba. Alituambia kupitia dirishani, "Msinisubiri mimi. Ngojaneni ninyi." Wale wengine sita walipungua mmoja mmoja kwenye vilima, jua lilipopanda. Tulibaki sisi wawili. Kemilembe alikuwa ameanza kukanyaga kwa upande, lakini nilipomtazama alinionyesha mbele kwa kidevu. Kwenye mteremko wenye changarawe, baada ya nguzo ya kilomita ya thelathini na tatu, mguu wake ulipinda. Akaketi chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Alipovua raba, ile raba yangu, kisigino kilikuwa kimechubuka chote na soksi imeganda damu, na kifundo kilikuwa kinavimba mbele ya macho yangu. Akasema, "Adve, ngoja kidogo."

Nilingoja. Labda dakika kumi. Nilihisi mapaja yangu yakipoa na kukaza, na nikaanza kuogopa kwamba nikikaa zaidi sitainuka. Nikamwambia, "Kaa hapa kwenye kivuli, usiukanyage mguu huo. Kwenye meza ya maji iliyo mbele nitawaambia walete gari." Akaniuliza, "Utawaambia?" Nikajibu, "Nitawaambia." "Basi nenda," akasema, "usije ukapoa." Akanisukuma kidogo mgongoni. Nilipofika kwenye meza ya maji nilikuta meza tupu, waliokuwa wakihudumia wameshaondoka. Kwa hiyo niliendelea, nikijiambia kwamba nitasema uwanjani. Nilikuwa na nia hiyo, kweli. Nimeirudia sehemu hii kichwani mara nyingi sana, kama mtu aliye mbele ya hakimu, nikionyesha kwamba mpaka hapo sikuwa nimemkosea mtu.

Nilipotokeza kwenye kona ya shule mtu akapaza sauti, "Mwanamke! Mwanamke anakuja!" Wanaume walikuwa wamekwisha kuoga, watu wengi walikuwa wanafunga mizigo, lakini wakaacha vyote wakakimbilia kwenye mstari wa chokaa. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kusikia jina langu likiitwa hivyo. Mwenyekiti yuleyule wa kilomita tano na khanga alinishika mkono wa kulia akauinua juu, akatangaza, "Tulisema hawawezi! Huyu hapa, mwanamke pekee aliyemaliza!" Mtu akanipa kiti, mwingine maji, mgeni wa heshima akaja kunipa mkono. Ndipo Mzee Fidelisi, dereva wa lile gari la kamati, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata juani, akapenya katikati ya watu na ufunguo mkononi. Akainama karibu na kiti changu. "Hongera, mwalimu. Niambie, umemwacha mtu yeyote nyuma huko? Mvua inakuja, nataka nikamchukue."

Watu walikuwa wananitazama. Mwenyekiti alikuwa bado ameweka mkono begani mwangu. Sikufikiri kwa muda mrefu. Napenda kusema nilichanganyikiwa kwa uchovu, lakini akili yangu ilikuwa safi kabisa. Niliona kwamba nikisema yuko mmoja, watauliza kwa nini nimemwacha. Na gari likimleta, akishuka palepale kabla ya mstari na kuuvuka akichechemea, kama nilivyojua angefanya, tutakuwa wawili. Nikasema, "Hapana, mzee. Mimi ndiye wa mwisho."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Akamshukuru Mungu, akatia ufunguo mfukoni.

Edina alikuwa amelala darasani juu ya magunia, tumbo likimnyonga. Aliponiuliza Kemi yuko wapi nilisema mguu ulimwuma, amepita kwa shangazi yake kule njiani. Mvua ikanyesha. Ilinyesha ile ya kwetu ya kupiga bati mpaka watu wanazungumza kwa ishara, na katika ukumbi ambamo tuliokimbia tulipewa pilau nilikaa nikisikiliza wanaume wa meza ya jirani. Mmoja alisema alimpita mwanamke mmoja mrefu mlimani, "anakimbia kama anakwenda kuchota maji, hana wasiwasi." Mwenzake akauliza, "Huyo amefika?" Akajibu, "Atakuwa amerudi kwa mumewe," wakacheka. Nilicheka nao. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na sahani ya pilau mapajani, na raba za Kemilembe miguuni.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Edina alikuwa amekwenda kwenye ibada yao ya Kilutheri, nami nilikuwa naelekea kwenye misa kwa njia ya uwanjani, nimevaa gauni langu la njano. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Ndipo nikamwona akitokea kwenye kona ileile ya shule. Alikuwa peku, raba zangu kazishika mkononi, kifundo kimefungwa kitambaa, na alikuwa anakimbia. Kama ule unaweza kuitwa mwendo wa kukimbia. Mguu mmoja ulifanya kazi, wa pili ulifuata. Nilijibanza nyuma ya ghala la kahawa. Sikuamua kujificha, miguu yangu ilinipeleka. Kutoka pale nilimwona akivuka uwanja wenye maji, akitafuta mstari. Mvua ilikuwa imesomba chokaa yote. Akasimama, akaangalia huku na huku, akakadiria mahali, akarudi nyuma hatua chache, akakimbia tena akavuka. Kisha akainua mkono mmoja, peke yake, mbele ya uwanja mtupu, akaushusha. Nilimwacha aende nyumbani ndipo nikatoka. Kanisani jina langu lilisomwa kwenye matangazo, na watu wakapiga makofi.

Niliporudi nilimkuta amepika. Mguu ulikuwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, na Edina alikuwa amepiga magoti mbele yake akifoka. Kemilembe alikuwa amekaa pale nilipomwacha mpaka giza lilipoingia, kwa sababu nilimwambia asitembee, gari litakuja. Bibi mmoja wa nyumba iliyo chini ya barabara ndiye aliyemwona, akamwingiza ndani, akampa chakula na mahali pa kulala. Asubuhi mjukuu wa bibi alitaka kumleta kwa baiskeli akakataa. "Nilibakiza kilomita tisa tu," akatueleza, kama vile jambo hilo lilikuwa dogo. "Nikasema nizimalize." Kisha akaniangalia. "Gari halikuja, Adve."

"Niliwaambia," nikasema.

"Ulimwambia nani?"

"Mzee Fidelisi. Nilimwambia kwa mdomo wangu."

Sikulazimika kutaja jina. Ningeweza kusema niliwaambia watu wa kamati, lawama ikapotea katikati ya wengi. Lakini nilitaka niaminiwe, na jina hufanya uongo uaminike. Kemilembe akaitikia kwa kichwa, akasukuma maharage upande wangu.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa kwenda Mwanza kusomea ualimu wa michezo, kwa sababu ya mbio zile. Kazi yangu yote imetoka pale: shule nilizofundisha, mabinti niliowapeleka mashindanoni, picha yangu iliyotundikwa ukutani kule Kihanga nikiwa nimeinuliwa mkono. Nimewaambia wasichana wengi juu ya uvumilivu. Edina aliolewa akarudi kwao Isingiro. Kemilembe alibaki kufundisha Kihanga, akaolewa hapohapo, na hakushiriki tena mbio zozote. Kifundo kile hakikumruhusu. Tulipoonana, kwenye harusi na misiba, tulikumbatiana, naye hakuligusa jambo lile hata mara moja. Nikaanza kuamini kwamba limekwisha.

Wiki tatu kabla hajafa, Edina aliniita. Alikuwa amekonda hata pete imefungwa uzi isianguke. Akamtoa mkwe wake chumbani, akaniambia nikae kitandani. "Yule dereva nilimwendea wiki ileile, kumgombeza," akasema. "Nilipouliza tu habari za gari aliniambia alikuuliza mara mbili, nikaondoka bila kumwambia kwamba Kemi aliachwa." Nikashindwa kumtazama. Nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. "Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Mimi siwezi kungoja tena, Adve. Mwambie Kemi." Niliahidi nitamwambia Kemilembe kabla yeye Edina hajafa, ili afe akijua. Sikumwambia. Kila siku nilishika simu, nikaiweka.

Kwa hiyo nilimwambia Kemilembe siku ya mazishi, jioni, kwenye benchi nyuma ya jiko, vidole vyetu vikiwa vimeshika utomvu wa ndizi. Nilisema yote, kuanzia kiti na mkono wa mwenyekiti mpaka ghala la kahawa, na kwamba Edina ndiye aliyeniagiza. 

"Kwa hiyo na yeye alijua," Kemilembe akasema kwanza. Kisha: "Ile Jumapili nilikuona. Gauni lako lilijitokeza kwenye kona ya ghala. Nikasema, anaona aibu kwa kuwa aliniacha. Nikakusamehe palepale, sikutaka hata uniombe."

"Kemi, nisamehe na hili."

 Alikuwa anasugua utomvu kwenye kidole gumba, polepole, kwa ncha ya khanga yake. "Fidelisi alikuwa jirani yangu," akasema. "Ulijua? Nilipoolewa, shamba letu likapakana na lake. Miaka kumi na minne, Adve. Kila asubuhi aliniinulia kofia yake nami nikapita kama napita mti. Mzee wa umri wa baba yangu, sikumwamkia hata siku moja. Watoto wangu niliwakataza kuingia kwake. Alipokufa nilipeleka ndizi kwa mkono wa mtu mwingine." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Langu nitaliangalia. La Fidelisi utamwomba nani?"

Nililia. Hakunikataza wala hakunishika. Nilipomaliza akasema kwamba mjane wa Fidelisi yuko hai, na kwamba Jumamosi tutakwenda. "Utasema wewe. Mimi nitakuwepo."

Tulikwenda. Mama yule ni mzee sana sasa, macho yake yana ukungu, lakini masikio yake ni mazima. Alitukaribisha ndani akatupa kahawa ya kutafuna, na mimi nikaishika mkononi bila kuitia mdomoni nikasema niliyokuja kusema. Alinitaka nirudie sehemu ya swali, jinsi mumewe alivyouliza mara ya pili. Nikarudia. Akasema, akiwa ameelekeza uso kwa Kemilembe na si kwangu, "Alikuwa akiniuliza, mpaka anaumwa alikuwa akiniuliza: Mama Jovini, nimemkosea nini yule jirani? Nami nilimwambia, mzee, kumbuka vizuri, huenda kuna jambo ulilifanya."

Kemilembe alishuka kwenye kiti. Kwa mguu wake ule si rahisi; ilimbidi ashike meza. Akapiga magoti mbele ya mama yule, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."  Nje mtu alikuwa anapasua kuni, nikahesabu mapigo manne. Kisha mama akanyoosha mkono, akautafuta uso wa Kemilembe, akaupata, akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Nami nikapiga magoti nyuma yake, nikasema maneno yaleyale. Mama alikuwa bado ameushika uso wa mwenzangu. Hakuniitikia; sijui kama hakunisikia.